Tupeane uzoefu: chama cha kitaaluma cha kompyuta kimekufaa nini?

Mleta mada

Wakuu, wanaoanza masomo ya kompyuta huniuliza sana: chama kama ACM (Association for Computing Machinery, chama cha kimataifa cha wanataaluma wa kompyuta) ni cha nini, ilhali kila kitu kipo intaneti? Huwa nawarudisha mwaka 1947. Kompyuta za kielektroniki zilikuwa chache mno, nyingine zikiwa chini ya jeshi, na waliozishughulikia hawakuwa na pa kukutania. Edmund Berkeley, ambaye alikuwa mtu wa kampuni ya bima wala si profesa, akawa mstari wa mbele kuwakusanya. Tarehe 15 Septemba 1947 chama kikazaliwa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kikiwa na neno "Eastern" mwanzoni mwa jina lake. Mwaka uliofuata neno hilo likaondolewa, kwa sababu wenye shauku hawakuwa wa mashariki ya Marekani peke yao.

Jambo linalonigusa ni hili: idara ya kwanza ya sayansi ya kompyuta nchini humo, ile ya Chuo Kikuu cha Purdue, ilianzishwa mwaka 1962. Chama kiliitangulia kwa miaka 15! Kabla hapajawa na digrii wala mtaala, watu wa hisabati, umeme na bima walishaamua kuambiana wanachokijua.

Karibuni. Simulia yaliyokukuta wewe mwenyewe, uliyoyasikia kwa wengine yaache.

Mchangiaji wa kwanza

Mimi ni makala. Wakati naandika tasnifu, chuo changu hakikulipia maktaba ya kidijitali ya ACM. Kila makala niliyoihitaji ilidai malipo, nikawa nawaandikia waandishi barua pepe kuomba nakala. Wengi walinitumia, Mungu awabariki. Mwaka 2022, chama kilipokuwa kinaadhimisha miaka 75, kikafungua bure machapisho yake ya 1951 hadi 2000.

Nilisoma kama mwenye njaa. Hifadhidata nilifundishwa kwa slaidi, za majedwali na funguo, basi. Kumbe Edgar Codd, mtafiti aliyebuni mfumo huo wa majedwali, kwenye makala yake ya 1970 katika jarida la chama, anaanza na shida ya watu: mtumiaji asilazimike kujua data imepangwaje ndani ya mashine. Nilipolielewa hilo, majedwali yote yakapata maana. Kisha nikaikuta Quicksort, algoriti ya Tony Hoare ya kupanga data kwa mfuatano, ile ya 1961, imechapishwa kwa mistari michache tu. Kitu kinachofundishwa dunia nzima!

Mchangiaji wa pili

Kwangu ni tawi la wanafunzi. Tulikuwa tunakutana kila wiki, makala moja, mtu mmoja anaieleza ubaoni na wengine wanambana kwa maswali. Nilijifunza kueleza jambo kuliko darasani. Angalizo kwa wanaotaka kuanzisha: tawi hufa viongozi wanapohitimu. Hakikisheni naibu ni wa mwaka wa chini, na mlezi ni mhadhiri anayependa kazi hiyo kweli.

Mchangiaji wa tatu

Kanuni za maadili, wakuu. Kazini tuliagizwa programu ikusanye mahali alipo mtumiaji hata akiwa ameifunga, bila kumwambia. Nilijua si sawa, ila "naona si sawa" haina uzito mbele ya wakubwa. Nikaingia kikaoni na kanuni za ACM za 2018, nikawasomea kifungu cha 1.6 kuhusu faragha. Mjadala ukatoka kwenye msimamo wangu, ukawa juu ya wajibu wa taaluma. Tuliishia kumwomba mtumiaji ridhaa na kukusanya kidogo zaidi. Kwa siku ile pekee ada yangu ilirudi.

Mchangiaji wa nne

Niseme upande wa pili. Mimi niliacha kulipa. Makongamano ni ghali, viza ni mtihani, na uanachama wenyewe haukunipa kazi. Kama unatafuta ajira, jenga vitu watu wavione.

Mleta mada

Mkuu wa nne, nakuunga mkono kuhusu makongamano. Hilo ni donda. Ila chama hakikuanzishwa kugawa ajira, na anayejiunga kwa matarajio hayo lazima aumie.

Mchangiaji wa tano

Mimi ni uhakiki. Nilipotuma makala yangu ya kwanza, mhakiki nisiyemjua hadi leo aliandika maoni marefu kuliko utangulizi wangu. Alinionyesha kwamba uthibitisho wangu unabeba tokeo kubwa kuliko nililodai, na akaeleza hatua kwa hatua namna ya kulifikia. Hakulipwa senti, na jina lake halionekani popote.

Sasa nami nahakiki, jioni, baada ya kazi. Ninapokataa makala naandika sababu kwa kirefu, na nataja cha kusoma, ili mwenyewe akirudi msimu ujao arudi na kitu chenye nguvu zaidi.