MJADALA: Karibu nusu ya DNA yetu ni vipande vinavyojinakili. Vinatufaa au vinatunyonya?

Mwl_Baiolojia (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Kidato cha sita wamenibana leo darasani, nikaona niulete mjadala huu kwenu kwa kuwa humu kuna madaktari, wafamasia na watu wa maabara.

Jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, iliposomwa na ripoti yake kutoka mwaka 2001, ilionekana kwamba asilimia 45 hivi imetokana na transposoni, yaani vipande vya DNA vinavyoweza kuhama au kujinakili na kwenda kujipachika kwingine. Jeni zinazotengeneza protini hazifiki hata asilimia 2. Kipande kimoja tu, LINE-1, kimechukua kama asilimia 17. Kingine, Alu, kina urefu wa herufi za DNA 300 hivi lakini nakala zake ni zaidi ya milioni moja.

Darasa likagawanyika. Upande mmoja unasema hivi ni vimelea tu, kama walivyoandika Orgel na Crick mwaka 1980. Upande wa pili unasema mwili haubebi mzigo wa bure. Ninyi mnasemaje? Naomba hoja, tusitukanane.

Jembe_la_Kusini
Mwalimu, hili lilishaamuliwa 2012. Mradi wa ENCODE, wa kutafuta kazi za DNA yetu, ulitangaza kwamba asilimia 80 ya DNA ina kazi. Habari za DNA takataka zimekwisha, walimu mnawajaza watoto mambo ya zamani. Na yule mama wa mahindi waliyemfukuza kazi kwa kusema jeni zinaruka, si ndiye waliyekuja kumpa Nobel?

Maabara_Mbili
Barbara McClintock hakufukuzwa kazi. Alikuwa kwenye maabara ya Cold Spring Harbor, Marekani, kabla ya ugunduzi na akabaki hapo hapo baada yake. Mwaka 1944 alikuwa tayari amechaguliwa kwenye akademia ya sayansi ya Marekani. Alipoeleza matokeo yake ya mahindi mwaka 1950 na 1951 wengi hawakumwelewa, na Nobel ikamfikia 1983 akiwa na miaka 81. Kupuuzwa kwake kunauma vya kutosha, hakuhitaji chumvi.

Kuhusu asilimia 80: ENCODE walihesabu hata kipande kilichoshikwa na protini fulani au kunakiliwa kuwa RNA, nakala ya muda ya DNA, mara moja moja. Hiyo ni kuguswa, haijawa kazi. Dan Graur na wenzake waliwajibu 2013 kwa ukali na walikuwa na haki. Kitunguu kina DNA mara tano ya yako. Kamongo wa Kiafrika aliyesomwa 2021 ana herufi kama bilioni 40, mara 13 ya zetu, na sehemu kubwa ni transposoni. Kama kila herufi ina kazi, kamongo anazifanyia nini zote hizo?

Nyavu_za_Ukerewe
Kamongo mwacheni kabisa. Samaki gani mwingine maji yakikauka anajichimbia kwenye tope, anajifunika ute, anakaa humo miezi akivuta hewa, mvua ikirudi anatoka mzima? Unamweka kundi moja na kitunguu? Labda hizo herufi bilioni 40 ndizo zinazomwezesha. Nimemvua tangu utotoni, kichwa chake tu kinakupa heshima.

Maabara_Mbili
Mkuu, kambare naye anavuta hewa na anatambaa kwenye tope, na jenomu yake ni kama theluthi ya yetu. Kwa hiyo uhodari huo hauhitaji bilioni 40.

Nyavu_za_Ukerewe
Kambare hawezi kukaa kavu muda anaokaa kamongo. Uliza mvuvi yeyote wa ziwani, acha vitabu.

Jembe_la_Kusini
Tuache samaki. Maabara, unasema ni vimelea. Kimelea kinaumiza. Nitajie mgonjwa mmoja tu aliyeumizwa na hivyo vipande, kwa ushahidi.

Dkt_Zamu
Ninakutajia wawili. Mwaka 1988 Haig Kazazian na timu yake wa Johns Hopkins, Baltimore, walichunguza wagonjwa 240 wa hemofilia A. Hawa ni wale ambao damu yao haigandi vizuri. Huku kwetu wengi hugundulika siku ya tohara, kidonda kinaendelea kutoa damu hadi usiku na familia inaanza kutafuta mchawi. Wawili kati ya hao 240 walikutwa na LINE-1 imejipachika katikati ya jeni ya faktari VIII, protini inayosaidia damu kuganda. Wazazi wao hawakuwa nacho mahali hapo. Maana yake kipande kiliruka upya, kikavunja jeni, mtoto akazaliwa anavuja damu. Tangu hapo visa zaidi ya 100 vya magonjwa ya namna hii vimeandikwa, ukiwemo ugonjwa wa misuli wa Fukuyama kule Japani.

Ila Mwalimu, waambie wanafunzi upande wa pili pia. Kondo la nyuma lililokulea tumboni linatumia protini iitwayo sinsitini, ambayo asili yake ni kirusi cha kale kilichojiingiza kwenye DNA ya mababu. Ndiyo inayounganisha seli za kondo kuwa tabaka moja kati ya damu ya mama na mtoto. Panya walioondolewa jeni yao ya aina hiyo, vijusi vyao hufia tumboni. Na mashine ya kukata na kuunga jeni za kingamwili, RAG, nayo ilitokana na transposoni.

Na kama hujaridhika, papasa kifandugu chako. Mwaka 2024 Bo Xia na wenzake walionyesha kwamba Alu moja iliyojipachika kwenye jeni ya TBXT miaka kama milioni 25 iliyopita inahusika na sisi na jamaa zetu sokwe kukosa mkia. Walipowapa panya jeni inayosomwa kwa mtindo huo, wakazaliwa na mkia mfupi au bila mkia.

Ushuhuda_Hai
Nilijua tu mtafika huku. Jamaa zetu? Mimi sina ukoo na nyani, wala baba yangu hakuwa nao. Mnaanza na DNA, mnamalizia kwa kumvua binadamu heshima aliyopewa na Muumba.

Tumaini_K
Ndugu yangu, nyani ana mkia, tena mrefu. Daktari ametaja sokwe. Kama unapinga, pinga alichosema.

Ushuhuda_Hai
Nyani, sokwe, tumbili, wote wa porini. Hoja yangu iko pale pale. Mmoja wenu aliwahi kumwona sokwe akizaa mtu?

Jembe_la_Kusini
Hakuna aliyesema sokwe kazaa mtu. Nimesoma hadi kidato cha nne na hilo nalijua.

Tumaini_K
Mimi ni mwinjilisti na sioni tatizo. Muumba akitaka kuondoa mkia kwa kutumia kipande cha herufi 300, ni nani wa kumzuia?

*— Ukurasa wa 4 —*

Ushuhuda_Hai
Kurasa tatu mmenishambulia mimi, hakuna aliyesoma hiyo taarifa ya 2024 hadi mwisho. Mimi nimeisoma. Baadhi ya panya wale walizaliwa na uti wa mgongo usiofunga. Mgongo wazi! Mnaona sasa? Ukichezea uumbaji, hayo ndiyo malipo. Hata hawa watoto wa mgongo wazi na vichwa vikubwa tunaowaona, chunguzeni wazazi wao walichezea nini. Sindano za uzazi wa mpango, mitishamba ya kutoa mimba. Hakuna kinachokuja bure.

Mama_Nuru
Nimesoma uzi huu tangu jana bila kuandika neno. Sasa naandika.

Nuru wangu ana miaka saba. Alizaliwa na uvimbe mgongoni, ngozi juu yake nyembamba hata unaona maji yanacheza ndani. Akafanyiwa upasuaji wa mgongo, kisha akawekewa mpira wa kutoa maji kichwani. Hatembei. Mkojo hautoki wenyewe, namtoa kwa katheta mchana na usiku, na shuleni wanakubali kumpokea ila niwe naenda mwenyewe kumhudumia. Anasoma vizuri kuliko kaka yake.

Sijawahi kuchoma sindano ya uzazi wa mpango. Sijawahi kutoa mimba. Uliyoandika wewe nilishayasikia ukumbini kwa mama mkwe, mwanangu akiwa mgongoni kwangu, na baba yake aliyaamini akaondoka. Ukiandika hapa, kuna baba mwingine anakusoma sasa hivi na mke wake yuko wodini.

Tumaini_K
Pole sana dada. Ushuhuda, futa ile posti.

Ushuhuda_Hai
Mama, sikukutaja wewe. Nimesema kwa ujumla. Lakini sababu lazima iwepo, hakuna kitu bila sababu. Daktari mwenyewe aseme: hao panya na hawa watoto si ni ugonjwa mmoja? Basi ni hiyo hiyo Alu.

Dkt_Zamu
Hapana, na hapa naomba usome polepole. Ile Alu ya TBXT unayo wewe, ninayo mimi, anayo kila binadamu anayetembea. Kitu walicho nacho wote hakiwezi kueleza kwa nini mtoto huyu kazaliwa na mgongo wazi na yule hapana. Watafiti walichopendekeza ni kwamba pengine mababu walipopoteza mkia walilipa gharama fulani upande wa uti wa mgongo. Hilo ni pendekezo kuhusu mamilioni ya miaka, halimhusu mama yeyote wa leo.

Mgongo wazi unatokana na mchanganyiko wa jeni nyingi na mazingira, na katika mazingira tunalolijua kwa uhakika zaidi ni upungufu wa foliki asidi, aina ya vitamini B. Mwaka 1991 utafiti ulioongozwa kutoka Uingereza ulichapishwa: wanawake waliokwisha kupata mtoto wa aina hii wakitumia foliki asidi kabla ya mimba na mwanzoni mwake, uwezekano wa kurudia ulipungua kwa asilimia 72. Kinachosumbua ni wakati. Uti wa mgongo unafunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Wanawake wengi hapo hawajui hata kama ni wajawazito.

Mama_Nuru
Kliniki nilifika mimba ina miezi minne, nikapewa fefo, vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, na kusifiwa kwamba nimewahi. Hakuna aliyeniambia kwamba mgongo wa mtoto ulishafunga au ulishashindwa kufunga zamani. Hilo nimelijua baada ya Nuru, kwa kuwasikia akina mama wenzangu wodini. Hasira yangu iko hapo. Wasichana wa sekondari wanafundishwa mkia wa sokwe, hili hawafundishwi.

Mwl_Baiolojia
Dada, nakuhakikishia darasani kwangu litafundishwa. Lakini wakuu, naomba turudi kwenye swali langu la asilimia 45.

Nyavu_za_Ukerewe
Subiri kidogo Mwalimu. Daktari, si wanasema foliki asidi wanaiweka kwenye unga siku hizi?

Dkt_Zamu
Unga wa ngano na sembe ya viwanda vikubwa, ndiyo, sheria inataka hivyo. Lakini mahindi unayopeleka kwenye mashine ya mtaani hakuna anayeyawekea kitu.

Nyavu_za_Ukerewe
Basi vijijini kote tumebaki nje. Huku kisiwani ugali ni mhogo na mahindi ya mashine, ngano ni maandazi ya asubuhi. Mnajadili DNA ya kamongo wakati unga wenyewe haujatufikia.

Maabara_Mbili
Mwalimu, usikate tamaa, unga umeturudisha kwenye swali lako. Kuna panya wanaoitwa aguti wa njano. Kipande cha aina ya kirusi cha kale, IAP, kimejipachika jirani na jeni yao ya rangi na kuiwasha mwili mzima. Panya anakuwa njano, mnene kupita kiasi, na hupata kisukari na uvimbe. Mwaka 2003 Waterland na Jirtle wa Chuo Kikuu cha Duke waliwapa mama panya foliki asidi, vitamini B12 na virutubisho vya kolini na betaini kabla ya mimba na wakati wa mimba. Watoto wengi zaidi wakazaliwa kahawia, yaani kile kipande kilikuwa kimezimwa. Jeni ni zile zile, chakula cha mama ndicho kilichobadilika.

Jembe_la_Kusini
Kumbe! Basi umejijibu. Kipande kinasikiliza chakula, kwa hiyo kina kazi. Asilimia 80 yangu inarudi.

Maabara_Mbili
Kina kazi gani hapo? Kumnenepesha panya hadi augue? Inayosikiliza chakula ni seli, inayopata malighafi ya kukifunga kipande mdomo. Seli zetu zinatumia nguvu nyingi kunyamazisha hivi vipande, na hiyo ndiyo hoja yangu tangu mwanzo. Sinsitini na RAG ni vichache vilivyokamatwa na kupewa ajira. Kwa panya kama asilimia 10 ya mabadiliko mapya ya jeni yanaletwa na vipande hivi, kwa binadamu ni chini sana kwa sababu vyetu vingi ni mabaki yasiyoweza tena kuruka. Kati ya nakala laki tano za LINE-1, zilizo hai kwa mtu mmoja ni kama 80 hadi 100.

Ushuhuda_Hai
Kwa hiyo tumekubaliana chakula cha mama kinaathiri mtoto. Ndicho nilichosema: wazazi.

Tumaini_K
Hukusema chakula. Ulisema kutoa mimba. Posti yako ipo pale juu, kila mtu anaisoma.

Mama_Nuru
Mwacheni, mimi nina swali la maana zaidi. Daktari, nimeolewa tena na tunataka mtoto. Hizi fefo za kliniki zinatosha?

Dkt_Zamu
Hazitoshi, mama. Kwa mwanamke aliyekwisha kupata mtoto wa mgongo wazi, kipimo kilichopimwa kwenye utafiti ule wa 1991 ni miligramu 4 kwa siku, mara kumi ya kile cha mwanamke mwingine. Fefo haifikii hapo, na usijaribu kufidia kwa kumeza fefo nyingi, madini ya chuma yatakudhuru. Vipo vidonge vya foliki asidi peke yake vya miligramu 5, ndivyo wanavyotumia wagonjwa wa seli mundu, madukani vipo na bei yake si kubwa. Muone daktari akuandikie kabla hamjaacha kuzuia mimba, na uendelee navyo hadi miezi mitatu ya kwanza iishe.

Mama_Nuru
Ahsante. Na mdogo wangu wa tumbo moja, anaolewa Desemba. Yeye aanze lini?

Dkt_Zamu
Aanze angalau mwezi mmoja kabla ya harusi. Aende na habari za Nuru, amwambie daktari kwamba ni mtoto wa dada yake, ili apangiwe kipimo kinachomfaa yeye.