Kamba ya mafundo

Jamaa wa Shella, Malindi

Mama Rukia: Asalaam alaykum jamaa. Rukia amerudi salama kwenye safari ya shule, magofu ya mji wa kale wa Gede na mikoko ya hori ya Mida, matope mpaka magotini. Ahsanteni mliochanga. Safari ilikuwa shilingi 800 na mimi nilikuwa na 300 tu mkononi.

Shangazi Zuhura: Waalaykum salaam. Alhamdulillahi 🤲🏽

Ami Swaleh: Alhamdulillahi. Lakini shemeji, niseme lililo moyoni. Gede ni matatu moja tu kutoka hapa, mtoto amepita pale tangu yuko mgongoni. Siku nzima ya masomo imekwenda, na yuko kidato cha tatu.

Shangazi Zuhura: Kaka hasemi bure. Wangu mwaka juzi, shule nyingine, walishushwa langoni, wakapigwa picha, wakala chipsi, wakarudi. Namuuliza umeona nini, ananambia "mawe". Niliumia kwa pesa ile.

Mama Rukia: Hayo yalikuwa matembezi, wifi. Mwalimu wa hawa aligawa kazi wiki nzima kabla. Kila kundi lina swali lake, na jibu walitafute kule kule. Wageni watoka Italia kuja kuona Gede, tangu 2024 iko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO, na wasichana wetu waijue kwa dirisha la matatu? Ngojeni nimpe simu mwenyewe.

Mama Rukia: Ni Rukia. Shikamoo ami, shikamoo shangazi.

Ami Swaleh: Marahaba mwanangu. Haya tupe.

Mama Rukia: Kundi letu tulipewa maji. Tulifunga kamba fundo kila mita, jiwe mwisho. Mwongozaji akaturuhusu, tukaishusha kisimani tukihesabu mafundo kwa sauti mpaka jiwe likagota. Kukavu. Kile cha karibu na Msikiti Mkuu, watu wa mji walikiongeza kina, maana maji yalikuwa yakishuka. Inadhaniwa ni moja ya sababu mji ukahamwa karne ya 17.

Ami Swaleh: Mji wa mawe wote ule, kwa maji?

Mama Rukia: Si maji peke yake ami. Kuna vita, na pia mtawala wa Malindi na Wareno kuhamia Mombasa 1593. Lakini mimi nilishika kamba, kwa hivyo la maji ndilo limenikaa. Na kuna kaburi limeandikwa 802 ya Hijria, yaani 1399. Nikapiga hesabu: Vasco da Gama alipofika hapa Malindi 1498, kaburi lile lilikuwa na miaka 99. Kitabuni historia yetu inaanza na yeye!

Shangazi Zuhura: Mashallah. Hilo la kaburi hata mimi silijui.

Ami Swaleh: Na Mida mlifuata nini?

Mama Rukia: Baiolojia. Mwalimu alituambia turambe jani la mchu, mti wa jamii ya mikoko. Chumvi tupu! Mti unakunywa maji ya bahari, chumvi unaitolea majanini. Na mbegu ya mkoko inaota ingali juu kwa mamake, ikianguka inajichoma matopeni imesimama. Niliokota moja, ndefu kama rula, ncha yake ya kijani. Haya nilishayaandika daftarini darasani nikayasahau.

Ami Swaleh: Jani la mchu tuliramba sana sisi, tukienda kutafuta kaa na babako. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuuliza.

Mama Rukia: Ami, naweza kuandika hilo kwenye ripoti?

Ami Swaleh: Andika. Na mizizi ile iliyochomoza kama penseli, waambie ndiyo pumzi ya mchu. Ukiifukia mti unakufa. Nimeona kwa macho yangu.

Shangazi Zuhura: Bibi yuko hapa nami, nimemsomea yote. Asema: "Mwambieni Rukia, nilipoolewa kisima changu kilitaka kamba ya pima tatu. Sasa nafunga pima tano, na maji yameingia munyu. Aje akipime na changu."

Mama Rukia: Bibi Jumamosi nakuja na kamba! Ile ile ya mafundo.

Shangazi Zuhura: Asema uje mapema, jua halijawa kali.

Ami Swaleh: Nitampitia saa moja asubuhi. Jiwe natafuta mimi.