Chatu adimu wa Australia: Oenpelli, carinata au woma?

Mfugaji_Brisbane
Habari wanajamvi. Niko Brisbane, leseni ya jimbo ninayo, na miaka sita sasa nafuga chatu zulia. Nimebakiza nafasi ya kizimba kimoja, nataka jozi ya chatu adimu niitunze mpaka itage. Nimejumlisha na kutoa, wamebaki watatu: Oenpelli, carinata mwenye magamba ya kukwaruza, na woma. Mngeshauri yupi?

Gamba_Gumu
Carinata, mkuu, bila kusita. Ndiye chatu pekee ambaye kila gamba la mgongoni lina tuta katikati, ukimpapasa unausikia ukwaruzo. Wanasayansi walimpa jina 1981, na kwa miaka mingi vielelezo vyake vilihesabika kwa vidole. Anaishi kwenye makorongo ya kaskazini mwa Kimberley, eneo la jimbo la Australia Magharibi, hakuendeki kirahisi. Mwaka 2000 John Weigel wa Australian Reptile Park alipata kibali akakamata watano tu. Hao watano wakazaa, watoto wao wakazaa, na leo wafugaji wengi wa huko kwenu wanaye. Mimi kila nikilifikiria hilo nafurahi.

Binti_Korongo
Gamba_Gumu, furaha yako naielewa, ila watano ni wachache mno. Mkuu, kabla ya kulipa uliza ukoo wa dume na wa jike, usije ukaunganisha ndugu na ndugu.
Tena kuwajaza vizimbani hakuongezi carinata hata mmoja kule Kimberley. Faida yake ni kwamba sasa hakuna sababu ya mtu kwenda kuwaiba porini.

Popo_wa_Darwin
Mniruhusu nimsemee Oenpelli, maana moyo wangu uko kwake. Bininj, wenyeji wa asili wa magharibi ya Arnhem Land kaskazini mwa Australia, wanamwita Nawaran, na walimjua vizazi na vizazi kabla sayansi haijamsajili 1977. Anapita mita nne lakini ni mwembamba, na usiku rangi yake hupauka, utadhani si nyoka uliyemwona mchana. Mayai yake ni makubwa ajabu kwa chatu.
Kifugoni amekuwa haba kwa sababu zinazoeleweka. Makao yake ni miamba ya mawe-mchanga yenye nyufa za kina, kumpata porini ni kazi ya usiku mwingi wa kutembea bure. Halafu kibali. Gavin Bedford wa Darwin aliruhusiwa kukamata wachache ili awazalishe, na ukoo wa kifugoni umeanzia kwa hao.
Kinachonitia hofu ni chakula chake. Wanyama wadogo wanaonyonyesha wamepungua vibaya kwenye hifadhi ya Kakadu, na moto mkali unaorudi mara kwa mara unaharibu miti ya matunda wanayoitegemea popo na ndege anaowala. Ukoo wa akiba kwangu ni jambo la lazima.
Ila kizimba kimoja hakimtoshi, mkuu. Huyo anataka chumba.

Mwana_Rotterdam
Na sisi tulio nje? Kuna anayeniuzia Oenpelli "mwenye karatasi zote".

Popo_wa_Darwin
Usimguse. Australia hairuhusu biashara ya kusafirisha reptilia wake hai nje ya nchi. Karatasi ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, peke yake haikuambii mama yake alitokaje. Mwambie akuonyeshe kibali cha kutoka Australia.

Binti_Korongo
Woma mmempita haraka. Kifugoni amejaa, hata Ulaya na Marekani, ndiyo maana watu hawamhesabu adimu. Lakini kusini-magharibi ya Australia, mashamba ya ngano yalipomeza vichaka vyake, ametoweka karibu kabisa. Na ni mwindaji wa pekee: hana vishimo vya kuhisi joto midomoni kama chatu wengi, anaingia shimoni na kumbana windo ukutani, maana hakuna nafasi ya kujiviringisha.

Mfugaji_Brisbane
Ahsanteni sana. Nachukua carinata, dume na jike kutoka kwa wafugaji wawili tofauti, na rekodi za ukoo nitaziomba kwanza. Gamba_Gumu, matawi ya kizimba unayaweka juu kiasi gani?

Gamba_Gumu
Juu na chini, mkuu, na mwanya wa mawe pembeni. Mchana wa kwangu hulala humo humo.