Hadithi za kumfunza binti adabu: tuziache zilivyo au tuzibadilishe?

Mama Wawili: Wadau, naomba tujadili hili bila matusi. Juzi nilimhadithia binti yangu wa miaka saba ile ya msichana mzuri aliyekataa kila mchumba, mwishowe akaolewa na zimwi lililojigeuza kijana mtanashati, likamchukua hadi porini. Nilipomaliza akaniuliza: "Mama, kwani angejuaje?" Nikakosa la kusema. Hadithi nzima inamlaumu msichana, zimwi halilaumiwi popote. Nyie mnawafunzaje mabinti zenu adabu? Hizi za zamani bado zinafaa?

Mkongwe: Zinafaa. Zimewalea bibi zenu na hawakuharibika. Tatizo ni kina mama wa siku hizi, mtoto anataka hadithi, mama kainamia simu.

Zawadi: Mkongwe, mwenzako kaandika wazi kwamba anamhadithia mwanawe. Hiyo simu umeitoa wapi? Na baba yuko wapi saa hizo?

Mkongwe: Baba anatafuta riziki. Malezi ya binti tangu hapo ni ya mama, bibi na somo yake, yule mwanamke anayemfunda.

Chumvi: Anatafuta riziki mbele ya mpira saa nne usiku? Mimi nimelelewa na baba. Ndiye aliyenihadithia, ndiye aliyenifunza kuamkia wakubwa, na ndiye aliyeniambia mtu akinionea nimtazame usoni niseme. Usitufutie baba zetu.

Mwalimu Kando: Turudi kwenye mada jamani. Angalieni mhusika wa kike anatuzwa kwa lipi. Katika nyingi ya hadithi hizi anatuzwa kwa kunyamaza na kuvumilia, na anaadhibiwa kwa kuchagua. Sungura je? Anaiba, anadanganya, anamsingizia fisi hadi fisi anapigwa, na watoto wanashangilia. Ujanja tunamsifia sungura, utii tunamdai binti.

Mkongwe: Leo hata sungura ana kesi! Someni Utendi wa Mwana Kupona, lile shairi refu la zamani, muone mama alivyomuusia bintiye: radhi ya Mungu, Mtume, baba, mama, kisha mume. Haya maswali ya kizungu hayakuwepo.

Nahodha: Umeutaja, basi utaje wote. Mwana Kupona mwenyewe aliutunga 1858, mjane na mgonjwa, akimuusia binti yake Mwana Hashima. Na jambo la mwanzo kabisa anamwambia binti asogee na wino na karatasi. Hakumtishia zimwi. Alimkalisha, akamweleza kwa hoja kama mtu mwenye akili, na mwishoni akawaita wanawake wausome.

Mkongwe: Mbona umeruka ya mume?

Nahodha: Sijaruka. Amesisitiza sana kumtii mume, na mimi sikubaliani na yote. Ila wewe unamchukua mwanamke aliyesema, tena kwa beti zaidi ya mia, unamtumia kumnyamazisha mwanamke mwenzake aliyeuliza swali moja.

Zawadi: Na suala la baba bado hajalijibu.

Mkongwe: Wewe dada una ugomvi na baba yako, usinimalizie mimi.

Zawadi: Baba yangu ni marehemu. Chunga ulimi. Unadai adabu kwa watoto wa wenzako, wewe unayo?

Mama Wawili: Jamani, basi. Jana nilijaribu kuigeuza. Msichana anamwambia yule mgeni, "Nimekusikia, lakini kwanza nije kwenu na kaka zangu tukapaone." Zimwi likaanza visingizio, mara njia mbaya, mara mama yake anaumwa. Binti yangu akacheka, akataka nirudie, na safari ya pili akaongeza lake: msichana kainama kuokota ushanga, kaona kwato chini ya kanzu. Akasisitiza kwamba msichana alisema "samahani" kabla ya kukimbia. Adabu haijapotea hapo.

Mkongwe: Zimwi haliombwi samahani. Na hadithi ikiguswa si hadithi tena.

Chumvi: Bibi yangu alikuwa haisimulii mara mbili sawasawa. Akikuona umegombana na mwenzio, usiku huo huo ugomvi umeingia hadithini. Wako alikuwa anasoma kitabuni?

Mkongwe: Bibi yangu muacheni. Alikuwa na hadithi nyinyi hamjazisikia.

Mwalimu Kando: Basi tuwekee hapa moja ambayo msichana anashinda kwa akili yake mwenyewe. Tunasubiri.