Walionunua nyumba kando ya uwanja wa gofu Nairobi, tupeane uzoefu

MamaPendo_Ngong
Wadau habari za jioni. Mimi na mzee wangu tuko karibu kuweka dipositi, ile asilimia 10, kwa nyumba iliyopakana na uwanja wa gofu hapa hapa Nairobi, sitataja wapi kwa sababu bado tunavutana bei. Ajenti alitupeleka jioni, kimya, nyasi kijani mpaka macho yanachoka, watoto wakaanza kugawana vyumba. Sasa leo fundi wetu kapanda paa kuangalia vigae, akashuka mifuko ya suruali imejaa mipira ya gofu na vigae kadhaa anasema vimepasuka. Ajenti simu hashiki. Mwenye ameishi huko aniambie ukweli kabla hatujasaini, tafadhalini.

Kijana_wa_GolfCourse
Mimi nimezaliwa mtaa wa Golf Course, hapo Mbagathi Way karibu na Kenyatta Market. Klabu ya gofu ya Royal iko hapo tangu 1906 kwa hivyo sisi ndio tuliwakuta. Tukiwa watoto mpira ukiruka ua ni pesa, tunauosha vizuri tunawauzia makedi, wale wanaobebea wachezaji mifuko. Nunua mama, hewa ya huko hupati mtaa uliobanana kama Pipeline.

BabaShiku
Hewa kweli kabisa.

Kui254
Nimesoma hiyo ya fundi moyo ukanienda mbio. Wazazi wangu nyumba yao imepakana na uwanja, sitasema upi. Siku ya ruracio ya sister yangu, yaani mazungumzo ya mahari, tukaweka tenti kwa lawn ya nyuma, wageni wametoka Murang'a asubuhi na mapema, wazee wako sebuleni wanaongea mambo yao, sisi nje tunapanga chakula. Ilikuwa Jumamosi na Jumamosi ndio mashindano. Nikasikia mtu kwa mbali akiita "Fore!", ile kelele ya kuonya mpira unakuja, na kabla sijageuka kukawa na mlio kama mtu amegonga sufuria tupu na mwiko. Mjomba wa bwana harusi alikuwa ametoka nje kupokea simu. Akaketi chini polepole kwenye nyasi, simu bado iko kwa sikio, bado anasema haloo, haloo, na damu inashuka kwa nyusi inaingia kwa kola ya shati nyeupe. Mpira ukabingirika mpaka chini ya meza ya mukimo. Mama akavua leso yake akamfunga kichwa, watu wanapiga nduru, na hapo ndio akatokea jamaa kwa ua, glavu mkono mmoja, na kitu cha kwanza aliuliza ni mpira umeangukia wapi. Kaka yangu walimshika watu watatu. Mzee akapelekwa hospitali akashonwa. Huku nyuma upande wa bwana harusi wakasimamisha kila kitu, mmoja wao akasema damu imemwagika kwa boma hili kabla hatujakubaliana, hiyo ni ishara, tufunge safari. Sister yangu amejifungia chumbani anasikia yote. Klabu tulipowaandikia walijibu kwamba uwanja ulikuwepo kabla ya nyumba, basi.

Achieng_K
Woiye!! Pole sana. Sasa ruracio iliendelea ama?

Njoro_Swing
Pole kwa mzee, lakini tuseme ukweli. Hakuna mchezaji analenga nyumba ya mtu. Mpira ukipotea mchezaji anapiga kelele, watu wanajificha, ndivyo mchezo ulivyo. Mtu akinunua hapo ananunua akijua, na bei ya plot imepanda kwa sababu yetu.

Kui254
@Njoro_Swing mjomba hakununua nyumba. Alikuja kuongea mambo ya mbuzi.

BabaShiku
Hapo umemaliza.

Njoro_Swing
Sijasema ni kosa lake. Nasema tenti kwa ua Jumamosi ya mashindano mngeuliza klabu kwanza.

Achieng_K
Kwa hivyo mtu aombe ruhusa kukaa kwa lawn yake mwenyewe? Acha hizo Njoro.

Wakili_Mtaani
Hiyo "tulikuwepo kwanza" haiwamalizii kesi. Kuna kesi ya Uingereza ya 1922, dereva wa teksi alikuwa anapita barabara iliyo kando ya uwanja, mpira ukavunja kioo cha gari akapoteza jicho. Korti ikasema klabu na mchezaji wote wanawajibika, kwa sababu mipira ilikuwa inaangukia hiyo barabara kila mara na wao wanajua. Mahakama zetu hazilazimiki kuifuata lakini kesi za aina hiyo huwa zinasomwa. Kwa hivyo ukihamia, kila mpira piga picha, andika tarehe, peleka barua klabu na ubaki na nakala. Lakini MamaPendo, kwanza soma agrimenti polepole. Kuna estate ambazo mnunuzi anasaini kifungu kwamba anakubali mipira kuingia kwake na hatadai. Na fanya search Ardhisasa, ule mtandao wa serikali wa rekodi za ardhi, na uite sevea akuonyeshe bikoni, zile alama za mipaka, usiamini ua, ua hujengwa popote.

KediMstaafu
Nimebeba mifuko viwanja karibu vyote vya hapa mjini wacha niseme. Wengi wanapiga kwa mkono wa kulia na wasio hodari mpira unawakatikia kulia, ile slaisi. Mama simama pale wanapoanzia uangalie bendera. Nyumba yako ikiwa kulia, kama mita 150 mpaka 220 kutoka hapo, utaokota mipira mpaka uchoke. Kushoto ni afadhali. Nyuma ya pale wanapoanzia hupati kitu. Ile mbaya kabisa ni ya kwa kona, pale uwanja unapopinda, maana kila mtu anataka kukata kona apite juu ya paa. Mpira hauzidi gramu 46 lakini ukitoka kwa draiva, ile fimbo ya kupigia mbali, unaweza kupita kilomita 200 kwa saa, na Nairobi iko juu, hewa nyepesi, hapa unaenda mbali kuliko Mombasa. Msidharau.

MamaPendo_Ngong
@KediMstaafu yetu iko kulia 😭 hizo mita sijui.

Mzee_wa_Mianzi
Panda mianzi. Inaota haraka na mpira haupiti.

Fundi_Vioo
Mianzi itaziba mandhari yenye umelipia mamilioni. Weka wavu mrefu, madirisha ya upande huo weka kioo cha leminati, kikipigwa kinapasuka lakini hakimwagikii mtoto. Sola weka paa la upande wa barabara.

Mzee_wa_Mianzi
Wavu unafanya nyumba ikae korokoroni.

Achieng_K
Wanunulie watoto helmeti za boda mambo iishe 😅 Kui bado tunangoja!

Kui254
Mjomba alirudi jioni na bandeji. Akakuta watu wake wako kwa gari tayari. Akawauliza, nani amepigwa, ni mimi ama ni nyinyi? Akaingia ndani, akaketi mahali pake, akasema mazungumzo yaendelee na aletewe supu. Walioana na wana mtoto. Lakini mama yangu mpaka leo hakai kwa ile lawn, chai anakunywa upande wa geti, na hiyo lawn ndiyo alinunulia hiyo nyumba. Hiyo inaniuma kuliko zile nyuzi za mzee.

Jirani_wa_Kijani
Sisi tuko nyuma ya pale wanapoanzia, mpira hakuna, lakini trekta ya kukata nyasi saa 12 asubuhi hata Jumapili. Unazoea. Jioni ni raha tupu, singehama.

KediMstaafu
MamaPendo nenda Jumamosi asubuhi, sio jioni na ajenti. Tafuta vigingi vyeupe, hapo ndio mwisho wa uwanja wao, uangalie kutoka kigingi mpaka ukuta wa nyumba ni hatua ngapi. Halafu uliza kedi yeyote hilo shimo liko vipi, atakwambia bila kuficha.

MamaPendo_Ngong
Jumamosi tunaenda na mzee. Dipositi ingoje.