Kujijengea GX100 mwenyewe au kumkabidhi fundi? Wa Mwanza naomba ushauri

Jiwe_la_Bismarck:
Mwangaluka wakuu. Nina Toyota Mark II GX100, injini 1G-FE, otomatiki. Mpango ni huu: injini itoke, iingie 1JZ-GTE ya VVT-i (silinda sita, yenye turubo) na gia za mkono, bodi inyooshwe na kupigwa rangi upya, lishuke kidogo, rimu za inchi 17. Sehemu ya kazi ni uani Nyegezi, sakafu ya zege, juu bati, pembeni wazi. Vifaa nilivyonavyo: spana seti nzima, jeki ya tani 3 na stendi 4, kompresa ya lita 50. Mashine ya kuchomelea ya waya nitaazima.

Suala si hela tu. Nataka gari likisimama mahali mtu akiuliza "nani kalifanya hili?" nijibu bila kumung'unya. Lakini sitaki sifa itakayoniua kwenye barabara ya Usagara. Kazi zipi nifanye mwenyewe, zipi nimpe fundi, na watu wakijifanyia huwa wanakwama wapi? Naombeni vipimo. "Inawezekana mkuu, komaa" nimeshazisoma za kutosha.

Sangara_Mzee:
Mkuu, kazi ambayo ukikosea utaona hapo hapo na unaweza kufungua urudie, ifanye mwenyewe. Kazi ambayo kosa lake linajificha mpaka siku ya mteremko, lipa. Kwa mpango wako, kutoa na kufunga injini, kupoza, waya na maandalizi ya bodi ni zako. Breki, propela shafti, alaimenti na kuchomelea sehemu inayobeba uzito mpe mtu anayelala na kuamka na kazi hiyo.

Kufunga 1JZ kwenye GX100 kunatisha kwa jina tu. GX100 na JZX100 (Mark II ya kizazi hicho hicho inayokuja na 1JZ) ni bodi moja, hivyo mabano ya injini ya JZX100 yanakaa bila kuchomelea kitu. Watu hawafi kwenye kufunga, wanafia kwenye kununua. Injini ije na kontrol boksi (kompyuta) yake, waya mzima mpaka plagi zinazoingia ndani ya dashibodi, turubo, intakula (kipoza hewa ya turubo) na mabomba yake, gia boksi, flaiwili, klachi, pedali na propela. Muuzaji anayekata waya kwa msumeno ili injini itoke haraka amekuuzia mwezi mzima wa kazi ya umeme.

Pima kompresheni kabla hujatoa pesa, hata injini ikiwa chini: starta ikiwa imefungwa kwenye gia boksi, betri nzima, plagi zote 6 nje, throtli wazi kabisa, zungusha mpaka mshale usimame. Angalia tofauti kati ya silinda na silinda, isizidi kilo 1 kwa sentimita ya mraba. Usishtuke zote sita zikisoma chini kidogo ya kitabu. Kitabu kiliandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari, sisi huku tuko kwenye mita 1,140 hivi. Moja ikiwa chini peke yake, tia kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ni ringi. Ikibaki pale pale, ni valvu au gasketi ya hedi.

Injini ikiwa bado chini badilisha taimingi belti, tenshona, pampu ya maji na sili ya nyuma ya krenki. Hiyo sili ukiiacha, siku ikivuja utashusha gia boksi nzima kwa kitu cha ukubwa wa kisosi.

Kupoza: kwa mwinuko wetu maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachoyazuia ni presha ya kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima cha kilo 0.9 kinapeleka mchemko juu ya 110. Kilichochoka kinakurudisha kule kule 96, na feni ya umeme iliyowekwa iwake kwenye 95 inaanza kazi maji yakiwa yamebakiza nyuzi moja tu kuchemka. Nunua kifuniko kipya kabla ya kufikiria rejeta ya alumini.

Kuwasha mara ya kwanza: mimina oili kwenye mlango wa oili wa turubo, toa fyuzi ya pampu ya petroli, piga starta sekunde 10, pumzisha 30, rudia mpaka taa ya oili izime. Ndipo urudishe fyuzi. Turubo kavu halisubiri, sekunde chache tu linaanza kuimba.

Furu_wa_Ziwa:
Nipingane kidogo na Sangara, au tuseme niongeze. Hakuna anayejenga gari peke yake. Block imemiminwa Japani, propela imekerezwa na mtu, rangi imechanganywa na mtu. Aliyejenga ni yule aliyechagua kila kitu na anayeweza kukwambia kwa nini alikichagua. Kuna watu wamejifungia kila nati na hawajui gari lao lina difu ya uwiano gani. Wapo pia waliolipa mafundi wanne na wanalijua kuliko hao wanne.

Kwa hiyo hata unapolipa, lipa kama mjenzi. Gari lisiende gereji kabla spea zote hazijafika, maana spea ikichelewa basi la kutoka Dar, fundi anahamia gari la mwingine na lako linageuka kabati la kuwekea vifaa. Andikianeni karatasi: kazi gani, spea gani, nani ananunua bolti, gasketi na grisi (ugomvi mwingi unaanzia kwenye hizo ndogo). Toa theluthi mwanzo, theluthi kazi ikionekana, theluthi ukishaendesha. Omba spea za zamani zote. Na piga picha kila plagi na kila mpira kabla haujachomolewa. Hata kama anayechomoa ni wewe.

Rangi_Kirumba:
Kwenye rangi ndiko wanaojifanyia wanaumbuka, kwa sababu kosa la injini linakaa chini ya boneti, la rangi linakaa juani. Lakini asilimia kubwa ya kazi ya rangi ni msasa, na msasa hauhitaji cheti. Ujipangie saa zisizopungua 40 kwa gari la ukubwa huo.

Kwanza osha kwa sabuni, halafu futa kwa dawa ya kutoa grisi, KABLA ya msasa. Ukianza na msasa unasukumia ndani ya mikwaruzo mafuta ya kung'arishia matairi na dashibodi, na hayo yana silikoni. Siku ya rangi utaona vitundu vya mviringo, rangi imekimbia katikati. Hapo hakuna dawa zaidi ya kuacha ikauke na kurudi nyuma.

Kutu kata mpaka bati linalong'aa. Kiraka kiwe cha milimita 0.8 hadi 1.0, mashine ya waya wa 0.8 au 0.6, nukta moja huku, nyingine mbali, usipige mstari. Mstari unakunja bati. Toa terminali ya athi (hasi) ya betri na uchomoe kontrol boksi kabla ya kuchomelea. Gari lililotumika huku ziwani kutu yake huwa ya matope yaliyojikusanya ndani ya fenda na chini ya milango, maana maji yetu hayana chumvi. Lililokaa pwani, fungua mazulia uangalie sakafu nzima.

Puti: gramu 100 kwa gramu 2 za hadena (dawa ya kukaushia). Watu wanaongeza hadena ili ikauke haraka, halafu miezi miwili baadaye doa la njano linatokeza juu ya rangi nyeupe. Unene usizidi milimita 3. Kama bonde ni kubwa kuliko hapo, bati halijanyooshwa, rudi kwenye nyundo. Msasa 80, halafu 180, halafu 320, siku zote kwa kibao, usitumie vidole vitupu kwani vinachimba mifereji. Kisha nyunyiza rangi nyeusi kidogo sana, kama vumbi, upige msasa tena kwa kibao. Panapobaki weusi pana bonde. Hiyo hatua ya dakika tano ndiyo inayotofautisha mlango ulionyooka na mlango unaocheza kama maji ukitazamwa kwa ubavu.

Praima, bunduki ya tundu 1.7. Ikikauka, msasa wa maji 600 hadi 800. Rangi na klia (koti la juu lisilo na rangi, la kung'arisha), tundu 1.3 au 1.4, presha karibu bar 2, umbali sentimita 15 hadi 20, kila mpito ufunike nusu ya uliopita. Kwa nje tu, kadiria praima lita 2, rangi lita 3 kabla ya tina, klia lita 3 na hadena lita 1.5 kwa ile ya mbili kwa moja. Makoti 2 au 3 ya rangi, dakika 10 kati yake, makoti 2 ya klia.

Kompresa ya lita 50 haiwezi kupiga gari zima kwa mara moja. Presha itashuka katikati ya boneti, klia itoke matone makavu kama ganda la chungwa. Piga kipande kimoja kimoja: milango imetolewa, boneti imetolewa. Weka chujio la maji karibu na bunduki, si kwenye tangi, na umwage maji ya tangi kila baada ya kipande.

Hadena ya klia ina isosaneti, sumu inayoharibu mapafu. Barakoa ya kitambaa na ile ya vumbi ni mapambo. Hata vichujio vya mkaa peke yake si vya kutegemea, tafuta barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, funika mikono na macho, na watoto wa nyumba wasiwe uani. Ukishindwa hilo, klia mpe mwenye chumba cha rangi, haupungukiwi kitu.

Jiwe_la_Bismarck:
Aisee, asanteni sana. Mawili: kushusha gari wengi wananiambia nikate springi. Na pampu ya petroli kubwa pamoja na taa za ziada nitumie waya gani?

Waya_Mwekundu:
Fyuzi inalinda waya, hailindi kifaa. Ukishika hilo mengine ni hesabu. Taa mbili za wati 55 ni wati 110, gawa kwa 12 ni ampia 9 na kitu. Waya milimita 2.5 za mraba, fyuzi 15, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) 30, na fyuzi ikae ndani ya shibri moja kutoka betri. Pampu kubwa mpe waya wa 4 kutoka betri kupitia rilei, fyuzi 20. Ukitumia waya wa kiwandani peke yake pampu inapata volti 11 badala ya 13, petroli inapungua pale pale turubo linapoomba nyingi.

Athi: kebo nene kutoka injini hadi bodi, na nyingine kutoka betri hadi bodi, kwangua rangi mpaka chuma chini ya bolti. Injini mpya ikianza kusumbua kwa mambo yasiyoeleweka, taa zinafifia, geji zinacheza, anzia kwenye athi kabla hujanunua sensa. Viungio bana kwa koleo la kubania. Ukiunga kwa risasi, waya unakakamaa na kukatikia pembeni ya kiungo kwa mtikisiko.

Sangara_Mzee:
Springi usikate, na yeyote atakayekuja na mtungi wa gesi ili aichome mfungie geti. Moto unaua ugumu wa chuma, na springi fupi inalegea kwenye kikombe chake gurudumu likining'inia. Nunua seti fupi pamoja na shokapu zake, milimita 30 basi. Kwa mawe ya mitaa yetu na matuta yasiyo na alama, zaidi ya hapo sampu (bakuli la oili) inakuwa ya kwanza kusalimia. Bolti za bushi zikaze gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Ukizikaza magurudumu yananing'inia, mpira unabaki umejikunja na unapasuka mapema. Baada ya hapo alaimenti.

Rimu: tundu 5 za nati kwenye duara la milimita 114.3, tundu la katikati 60.1. Rimu yenye tundu kubwa zaidi weka ringi za kujazia. Tairi 225/45R17 ina kipenyo sawa na 195/65R15, milimita 634, spidi mita haidanganyi. Nati kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), Nm 103, rudia baada ya kilomita 50.

Breki za GX100 ni ndogo kwa injini hiyo. Chukua diski, kaliper na masta ya JZX100 ya turubo, na fundi afunge mbele yako. Na kadi ya gari ina namba ya injini na rangi. Vyote viwili unabadilisha, kwa hiyo tunza risiti ya injini na uende TRA kabla ya kulizungusha mjini. Kama una bima kubwa waambie pia, siku ya ajali wataitafuta hiyo namba.

Jiwe_la_Bismarck:
Nimeelewa. La mwisho kwa Rangi_Kirumba: uani kwangu ni karibu na maji. Wale wadudu wa ziwani?

Rangi_Kirumba:
Hiyo nayo ni sababu nyingine ya kupiga kipande kimoja kimoja. Wanapanda kwa wingi zaidi mwezi ukiwa mwandamo, na wanafuata taa. Angalia ziwani: ukiona kama moshi umesimama juu ya maji, funga bunduki. Piga kati ya saa nne na saa saba mchana, umande umeshakauka kwenye bati na upepo haujachafuka, taa zote zimezimwa, pembeni umezungushia neti, sakafu umeimwagia maji vumbi litulie.

Akitua kwenye rangi, subiri ikauke dakika chache, mnyanyue kwa ncha ya utepe wa kunata, endelea. Akitua kwenye klia mbichi usimguse. Kidole kitaacha shimo kubwa kuliko yeye. Mwache hapo mpaka kesho yake, msasa wa maji 1500, halafu 2000, halafu polishi. Miguu inabaki ndani lakini lazima uinamishe kichwa ndipo uione.