Kushusha Mercedes W211 sentimeta 3 bila kupoteza ulaini: nifunge nini?

Kibosile_W211
Habari wakuu. Gari ni E200 Kompressor ya 2004, springi za chuma, rimu za inchi 17 na tairi 245/45. Nataka ishuke kama sm 3, ila ibaki Benz, isigeuke mkokoteni. Fundi anashauri tukate springi mzunguko mmoja na nusu, shokapu zibaki zile zile za kiwandani (zina km 160,000). Napita lami, lakini matuta hayaishi, na siti ya nyuma mara nyingi inajaa. Nianzie wapi?

Fundi_Chesisi
Usikate, mkuu. Ukipunguza mizunguko, ile inayobaki inakuwa migumu zaidi, na hapo hapo umeshaipunguzia gari nafasi ya kunesa. Ncha uliyokata nayo haikai sawa kwenye kitako chake: inatafuna raba na kugonga kila ukikunja kona. Wanaopasha springi moto kwa gesi ndio wanaharibu kabisa, chuma kinalegea na gari inaendelea kulala upande mmoja.

Kwanza pima. Gari iwe kwenye sakafu tambarare, haina abiria. Pima toka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, kona zote nne, uandike. Springi za umri huo huenda zimeshachoka na gari imeshuka kiasi bila wewe kujua.

Halafu chungulia raba inayokaa juu ya springi. Ina vinundu pembeni. Vikiongezeka, raba ni nene zaidi, takriban mm 5 kwa kila hatua. Kwa kuwa springi inakaa upande wa ndani wa amu (mkono wa chuma unaoshika tairi), mm 5 za raba zinashusha zaidi ya mm 5 kwenye fenda. Kama zako ni za vinundu vitatu, kufunga za kimoja kunakupa sehemu ya hizo sm 3 bila kugusa ugumu wa springi. Ni njia ya bei nafuu na mafundi wengi hawaisemi kabisa.

Ukinunua springi fupi, mfano za chapa ya Eibach Pro-Kit, agiza kwa uzito wa ekseli ya gari yako. Za V8 ukizifunga kwenye silinda 4, pua inakaa juu na gari inadunda.

Bushi_Mpya
Naongezea kwenye shokapu, maana hapo ndipo ulaini unapopotelea. Za km 160,000 hazitaweza kutuliza springi mpya. Gari itayumba kama mtumbwi kisha igonge chini. Kwa shokapu za chapa ya Bilstein, B4 na B6 ni za urefu wa kawaida, B8 ndiyo iliyofupishwa kwa gari iliyoshushwa. Ila B8 ni kavu kwenye vishimo vidogo vidogo. Kwa anayetaka starehe, mimi ningetafuta kwanza Koni FSD: ina vali inayolegea tairi ikitikiswa harakaharaka na kukaza gari inapolala kwenye kona.

Kosa linalorudiwa sana ni hili: fundi anakaza bolti za amu gari ikiwa kwenye jeki, tairi zinaning'inia. Bushi (raba ya kwenye maungio ya amu) inashikwa ikiwa kwenye pembe hiyo, gari ikishuka chini inabaki imesokotwa muda wote. Mwendo unakuwa mgumu na bushi inachanika mapema, halafu lawama zinaenda kwenye springi. Bolti zinashikizwa tu, gari inawekwa chini kwa uzito wake, ndipo zinakazwa.

Tairi_Tambarare
Sikubaliani na sm 3 nyuma kwa mtu anayebeba watu watatu. Mbele shusha 3, nyuma ishia 2 kwa kuweka raba nene zaidi. Gari ikilala kwenye raba za kikomo za shokapu, hakuna springi itakayokuokoa. Na rimu baki kwenye 17: ukuta wa tairi yako ni mm 110. Ukienda 245/40 R18 unabaki na 98, na 245/35 R19 ni 86 tu, huku kimo cha tairi nzima kikiwa karibu kile kile. Huo ukuta ndio unaopokea shimo kabla ya springi.

Kibosile_W211
Nimewaelewa wakuu. Alaimenti (kunyoosha uelekeo wa tairi) nifanye siku hiyo hiyo? Na jirani ana E500 yenye Airmatic (mifuko ya hewa badala ya springi za chuma), yeye anasema ili ishuke ni kubadilisha fito za sensa ya urefu tu.

Fundi_Chesisi
Fanya ya kwanza siku hiyo, kisha rudia springi zikishatulia, baada ya km 500 hivi. Tairi za nyuma zitainamia ndani kwa juu na kiwandani hawakuweka pa kurekebisha hilo. Uelekeo wake ndio unarekebishika, na ukiachwa ovyo tairi inaisha upande wa ndani huku nje ikionekana mpya. Kama taa ni za xenon, sensa yake ya urefu isawazishwe kwa mashine ya uchunguzi.

Kwa jirani: ndiyo, sensa inadanganywa na mfumo unatoa hewa. Lakini hewa inabaki kwenye nafasi ndogo, kwa hiyo springi inakuwa ngumu, na mpira mkuukuu unaanza kujikunja mahali papya. Ukiwa na nyufa utavuja, na pampu ikijaza bila kupumzika inaungua. Apulizie maji ya sabuni kwenye mifuko kabla hajagusa hizo fito.